Alikushikia Bunduki?

Kwa gari ya Probox ya kutoka Sotik kwenda Kericho, mama mmoja anaitwa Rodah alikuwa anaambia mzee wa suti vile alitia sahihi karatasi ya supavaisa kwamba mwenzake Chepkemboi ndiye aliharibu mashine ya kuchuna chai. "Na hakuharibu. Saa hii amefutwa kazi."

"Supavaisa alikushikia bunduki?"

"Hapana. Alisema tu, 'Mama, weka hapa.'"

"Na ukaweka! Mimi siwezi fanya kitu juu mtu amesema tu."

Niliacha saikolojia mwaka wa pili, lakini hiyo topic niliisoma. Kwa jaribio moja, watu waliambiwa wapige mtu wa chumba kingine shoti ya stima, na wengi wakabonyeza, juu mtafiti mwenye koti refu alisema waendelee. Sikumbuki kama kati yao kuna wenye walivaa suti.

"Leo naenda ofisini nikatae hiyo sahihi," Rodah akasema.

Karibu na kizuizi cha polisi dereva akasimama. "Tumezidi watu. Shukeni wote, mpitie kwa majani chai, tupatane huko mbele."

Mzee akashuka wa kwanza, mimi nyuma yake, viatu zikizama kwa matope. Rodah alibaki kwa kiti. Akafungua dirisha.

"Mzee, dereva amekushikia bunduki?"