Viti Saba vya Chumba cha Mbele

Zimeni hiyo redio mkae karibu. Nawe kifungua mimba wangu, weka simu chini, maana leo nasema mara moja tu na pumzi yenyewe ni ya kuazima.

Mwezi jana, siku tuliyomzika baba yenu, ulisimama mbele ya waombolezaji ukasema, "Mzee alikuwa wa watu, sisi tulipata makombo." Wakacheka. Mimi sikucheka. Makombo gani? Nilipolazwa miezi miwili, nani alimsuka mdogo wako nywele, mistari imepinda kama njia ya kuku, na mtoto akaenda shule anaringa? Na ulipovunjika mguu, baba yako, fundi baiskeli yule, aliacha kazi za wateja akakutengenezea magongo kwa mabomba ya fremu, akayazungushia mpira wa tairi usichubuke makwapa. Ulipopona ukayatupa uani. Yeye akayaokota, akampelekea mtoto wa jirani aliyelemaa miguu, aliyekuwa akitambaa. Kujitolea kwake kote, miaka ishirini na sita ya kutengeneza bure viti vya magurudumu, kulianzia kwenye mguu wako wewe. Halafu unalalamika!

Siku tatu baada ya mazishi ukaingia chumba cha mbele, ukakuta viti saba, ukamwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Nikakuambia, "Mwanangu, hivyo si vya baba yako." Ukanijibu, "Mama, kilichomo ndani ya nyumba ni cha nyumba. Wewe pumzika." Umerithi viti vya watu! Kila kiti kilifungwa kitambaa cha rangi yake, ndivyo baba yenu alivyojua kipi ni cha nani, kwa kuwa kuandika kulimpa tabu. Wewe msomi ukaona matambara, ukayang'oa.

Na ninyi wawili mkamsaidia kupakia. Msiangalie sakafu, si sakafu iliyopakia.

Basi shikeni maneno yangu. Nyumba ni yenu wote watatu, isiuzwe. Chumba cha mbele na vifaa vyake nampa binti yangu. Naye alipakia, lakini angalau alilia, tena ndiye pekee aliyewahi kumshikia baba yake spana. Wewe mkubwa huna fungu mpaka viti saba virudi. Vimeshakatwakatwa? Utatengeneza vingine. Hujui? Mdogo wako atakufundisha, nawe utamwitikia kama mwanafunzi. Na yule mshona viatu wa pale kona, aliyeleta kiti chake kibadilishwe tairi tu, sasa anajiburuta kwa mikono juu ya gunia. Utambeba mgongoni asubuhi na jioni mpaka apate kiti. Ukiona aibu, vizuri, ione.

Nipeni maji... Basi, yanatosha.

Mungu awape mikono ya baba yenu... wote. Hata wewe. Sijakusamehe, ila nakuombea. Hayo ni mambo mawili.

Hebu nyamazeni. Mnasikia? Kuna mtu anabisha hodi, tena anabisha chini, karibu na kizingiti. Kaa, binti yangu, usiinuke. Wewe mkubwa... nenda kamfungulie.

Na uiname.