Mzee Nyamazeni na Gari la Mkwewe

Baada ya miaka thelathini na mitatu katika gereji yetu, Mkuu wa Kitengo cha Injini, ambaye sote tunamwita Mzee Nyamazeni, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Kamati ya sherehe imenipa mimi, mtunza stoo ya vipuri, kazi ya kumwandikia. Sijui walifikiria nini, maana hakuna mtu aliyeikosesha stoo yangu biashara kama yeye.

Alianza kwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, akapanda hadi fundi kamili, kisha akakabidhiwa kitengo kizima. Mafundi wengi wa hapa wamepita mikononi mwake, na wote aliwafundisha jambo lile lile: usibadilishe kifaa kabla hujajua kimekosa nini. Ndiyo maana nasema ameniharibia.

Jina la utani alilipata kwa mtindo wake wa kazi. Gari likija na lalamiko la mlio, hafungui boneti kwanza. Humwomba mwenye gari aendeshe, yeye hukaa kiti cha nyuma, hufumba macho, redio huzimwa, kisha hutoa amri moja: "Nyamazeni." Meneja wetu aliwahi kupokea simu katikati ya safari ya namna hiyo. Akateremshwa kituo cha mafuta, akarudi kwa miguu, na hadi leo anakisimulia kisa hicho huku akicheka. Mteja mwingine alikuwa ameshaagiza kwangu shokapu zote nne kwa sababu ya kitu kilichogonga kila kwenye tuta. Mzee akapitisha mkono chini ya kiti, akatoa chupa ya maziwa ya mtoto. Shokapu zangu zikarudi rafuni.

Lakini kazi tutakayoikumbuka zaidi ni ya mwezi uliopita, ya gari la mkwewe.

Mkwe huyo, mume wa binti yake wa pili, anapenda mbio. Gari lake alilifungia turbo, nozeli kubwa za mafuta na bomba pana la ekzosi, la kutolea moshi. Nguvu likapata kweli, ila barabarani ekzosi ilikuwa ikilipuka pa! pa! hadi majirani wakatoka nje kutazama kulikoni. Mjukuu wa kwanza wa Mzee alikuwa bado mchanga, na akishtuka halali tena. Binti akagoma kumpakia mtoto humo. Safari za Jumapili kwenda kwa babu zikakatika, na Mzee akawa anakunywa chai yake hapa kazini kando, peke yake. Ilimuuma, na tulimwona.

Mkwe aliona haya kumlaza baba mkwe chali chini ya gari lake. Mzee naye aliona haya kujiingiza bila kuitwa. Wakaheshimiana hivyo huku gari likiendelea kulipuka. Mafundi wa kwingine walibadilisha plagi, koili, hata pampu ya mafuta, wala halikunyamaza.

Mwishowe binti akachoka. Asubuhi moja alilileta mwenyewe, mtoto akiwa nyuma kwenye kiti chake, akapanga foleni getini kama mteja yeyote. Mzee akaingia nyuma, kando ya mjukuu. Mimi nilikaa mbele, nikazima redio. Amri ikatoka, na hata mtoto alitii. Binti alipokanyaga mafuta, gari lilikwenda safi. Alipoachia tu, mlipuko ukaja na mtoto akaangua kilio. Mzee alimbembeleza akiwa bado amefumba macho. Alikuwa ameshasikia alichokitaka.

Injini ilipopoa, alipuliza hewa ndani ya ekzosi na kupaka maji ya sabuni kwenye maungio. Mapovu yakatoka kwenye ungio lililo mbele ya sensa, kile kifaa kinachopima moshi wa injini. Mguu ukiachia mafuta, hewa ya nje iliingia hapo. Sensa ikadhani injini ina njaa, kompyuta ya gari ikaongeza mafuta, nayo yakaenda kulipukia kwenye bomba la moto. Tulipolifungua ungio, tukakuta gasketi ya zamani, kile kipande cha kuziba ungio, ya bomba jembamba la awali, imebanwa kwenye bomba pana. Ilikuwa kazi ya mtu aliyejifungia bomba mwenyewe nyumbani, kwa haraka ya kusikia mlio. Sote tulijua ni nani.

Mkwe alipofika jioni, alisimama mlangoni hajui aweke wapi mikono. Mzee alimwambia tu: "Gasketi huchoka, mwanangu. Hata mimi nimechoka." Wakacheka. Jumapili iliyofuata, mjukuu alifika kwa babu amelala fofofo.

Habari ya gasketi tungeimeza, kama si mkwe mwenyewe kuja stoo kuniomba niiandike. "Andika tu," alisema. "Mzee alinisitiri, nataka watu wajue."

Hapa kwetu mstaafu huchagua gari la kumpeleka nyumbani. Mzee ameyapita magari yote ya heshima, akachagua la mkwewe. Binti na mjukuu watakuwemo.

Mzee wetu, asante kwa yote, hata kwa shokapu zile. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na wajukuu wengine. Tuna ombi moja tu: Ijumaa ukae kiti cha mbele, redio ifunguliwe, na kila mtu aongee.