Fundi Aliyekataa Kurudi Nyumbani

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Tabasamu, na kwa kuwa hakupenda kuona watu wamenuna, mtakaocheka mmeruhusiwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1958, mtoto wa nne wa baba seremala, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akamaliza darasa la saba mwaka 1972, akajifunza ushonaji, na mwaka 1980 akafungua duka lake karibu na stendi, ambako suruali ilikuwa haitoki bila utani.

Ndoa yake ya kwanza ilikuwa na kipigo, na aliyepigwa ni yeye. Tarehe 11 Juni 1991 mkewe alimchoma begani kwa pasi, kaka akaenda kituo cha polisi, askari wa zamu akawaita wenzake waje wamtazame, kisha akamwambia, "Nenda nyumbani ukawe mwanaume." Kwenye benchi alikuwepo mwalimu wa chekechea, mkono umevunjwa na mumewe, naye ameambiwa, "Rudi nyumbani ukavumilie, mama." Kaka akamgeukia, akasema, "Dada, naona tunafukuzwa wote, ila kila mtu na sababu yake," na mwalimu, pamoja na maumivu yake, akacheka.

Nyumbani hawakurudi. Walikwenda hospitali wakajaziwa fomu, wakarudi kituoni siku tisa mfululizo mpaka mkuu wa kituo akawafungulia majalada mawili, na tarehe 20 Februari 1992 hakimu mmoja akawatia hatiani wote, mke yule na mume yule, kwa kifungo kilicholingana.

Talaka zilipotoka, tarehe 7 Mei 1994, kaka alimuoa mwalimu yule, shemeji yangu huyu aliyekaa mbele, wakajaliwa mabinti watatu, na tangu hapo wakawa wanamsindikiza kituoni yeyote, wa kike au wa kiume, aliyeogopa kwenda peke yake.

Alianza kuugua moyo Agosti 2021, akafariki asubuhi ya tarehe 9 Januari 2022, akiwa anabishana na binti yake mkubwa kuhusu vifungo vya koti.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na mafundi wenzake waliofunga maduka leo. Shemeji ameniagiza niseme kwamba kwa miaka ishirini na saba, kila aliposikia ufunguo mlangoni, alikwenda mbio kumpokea. Kaka, umepokelewa vizuri huku, pumzika kwa amani huko.