Mzee Kipimo na Friza ya Nyama Mbichi

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi, mtaalamu wa maabara wa kliniki yetu ya wanyama atavua koti lake jeupe na kwenda nyumbani kama watu wengine. Wateja wanamwita Mzee Kipimo. Watumishi wanamwita Mzee Kipimo. Nilipompigia simu mkewe kuulizia historia ya mumewe, nikamtaja kwa jina lake la kwenye cheti, mama wa watu aliniambia nimekosea namba, kisha akasema, "Aa, Kipimo! Si ungesema mapema."

Daktari Mkuu ameagiza wasifu huu wa jarida letu la watumishi uwe mfupi na utaje mazuri tu. Mimi ni karani wa mapokezi, nimekaa kwenye meza ile ile miaka kumi na tisa, na agizo ni agizo. Nitataja mazuri. Shida ni moja: zuri kubwa kuliko yote alilofanya Mzee huyu alilifanya akiwa amekatazwa kulifanya.

Alianza hapa akiwa kijana wa kusafisha vizimba. Daktari wa wakati ule, ambaye sasa ni marehemu, alimkuta siku moja amechuchumaa nyuma ya jengo akichokoachokoa kinyesi cha mbwa kwa kijiti, akadhani ni mvivu anayepoteza muda. Kumbe mwenzetu alikuwa ameona minyoo na anaihesabu. Akapelekwa chuo. Aliporudi alipewa maabara chini ya ngazi, chumba ambacho mtu mrefu huingia akiwa ameinama kama anaomba radhi, na humo amefanya kazi hadi leo. Ndani kuna meza moja, hadubini moja, na friji ndogo yenye karatasi mlangoni: SI MAZIWA. Karatasi hiyo ilibandikwa baada ya tukio la chai ya saa nne ambalo mhasibu wetu ameniomba nisilieleze.

Jina la Kipimo lilimganda kwa sababu hakubali neno la mtu kuhusu ugonjwa wa mnyama bila kuletewa kitu cha kupima. Kuna mwanasheria mmoja alimleta mbwa wake akieleza kwa machozi kwamba kiumbe yule ana huzuni tangu yeye na mumewe waachane. Alieleza kwa nusu saa. Mzee akasikiliza kwa heshima zote, kisha akamkabidhi kichupa. Majibu yalitoka mchana: huzuni ile ilikuwa na urefu wa sentimita kumi na mbili na ilikuwa na wenzake tisa. Mbwa alipewa dawa akachangamka. Mwanasheria naye, nasikia, aliolewa tena.

Sasa tufike kwenye nyama.

Miaka mitatu iliyopita wenye vijibwa wa mtaa huu waligundua kwamba wanafuga mbwamwitu. Ugunduzi huo ulifanyika kwenye simu. Kundi likaundwa, likapata watu mia na kitu, na kiongozi wake akawa mteja wetu tunayemwita Mama Jenerali, kwa sababu ana kijibwa cheupe cha kilo mbili na robo kiitwacho Jenerali. Hoja ya kundi ilikuwa fupi: babu wa mbwa hakuwa na jiko. Kwa hiyo mbwa apewe nyama mbichi, maini mabichi, mabawa ya kuku mabichi, na atarudia asili yake. Jenerali alikuwa akiletwa kliniki ndani ya mkoba, amevaa sweta, na aliwahi kuzirai kwa kuogopa mfuko wa plastiki uliopeperushwa na feni. Huyo ndiye mbwamwitu aliyekuwa anarudia asili.

Haki nitende. Baadhi ya vijibwa vilipendeza kweli. Manyoya yaling'aa, choo kilikuwa kidogo na kikavu, na wenyewe walitueleza habari za choo hicho bila kuulizwa, hata wakati wa chai. Wengine walikuja na mfupa umekwama kooni. Kila upande ulihesabu wale wanaouunga mkono na kuwasahau waliobaki.

Daktari Mkuu, ambaye miaka ishirini nzima aliwafundisha watu kuchemsha nyama ya mbwa mpaka iive, naye aliamka asubuhi moja akiwa mbwamwitu. Wiki ile ile friza kubwa nyeupe iliingizwa mapokezi na kuwekwa mkabala na meza yangu, imejaa pakiti za nyama mbichi iliyosagwa. Aliyezileta ni shemeji yake. Sisemi chochote zaidi. Shemeji ni ndugu, na ndugu husaidiana. Bango la juu ya friza, lenye maneno MWAMSHE MBWAMWITU WAKO, liliandikwa na mtu mwenye mwandiko mzuri. Mwandiko huo ni wangu. Nililiandika kwa moyo mkunjufu, maana mimi nami nilikuwa kundini, na kijibwa changu nilikuwa nakilisha firigisi mbichi nikijiona msomi.

Kwenye kikao cha watumishi Mzee Kipimo aliulizwa anaonaje. Kila mtu alijiandaa kwa hotuba.

"Sijui," akasema.

Daktari Mkuu akatabasamu. "Basi tuendelee."

"Nimesema sijui, daktari, sijasema tusijue. Nipeni pakiti saba nipime."

Alipewa kwa kicheko. Aliziotesha kwenye visahani vyake chini ya ngazi, na siku ya nne pakiti tatu kati ya saba zilikuwa na salmonela, vijidudu vile vinavyoendesha tumbo na kwa mtu dhaifu vinaweza kuua. Hakupiga kelele. Alichapa matokeo kwenye nusu karatasi, chini akaongeza kwamba mwenye nyumba iliyo na mtoto mchanga, mjamzito au mgonjwa afikirie mara mbili, akaibandika kwenye ubao wa matangazo. Ilidumu dakika ishirini.

Wahenga walituambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia afanyeje mtu ambaye mkuu ndiye asiyesikia. Jumatatu yake Mzee alikabidhiwa barua: kwa manufaa ya kliniki, anahamishiwa Idara ya Usafi wa Wanyama. Idara hiyo haikuwapo duniani mpaka nilipoichapa. Ilikuwa ni chumba cha kuogeshea mbwa. Maabara ikafungwa, ufunguo ukaletwa kwangu, na sampuli zikawa zinapelekwa nje, majibu yanarudi baada ya wiki wakati mgonjwa ameshapona au ameshazikwa.

Mwenzetu mwenye miaka thelathini ya kazi akafunga aproni ya plastiki, akaanza kusugua vijibwa kwa sabuni yenye harufu ya maua. Hakulalamika hata siku moja, na hilo lilituudhi zaidi kuliko kama angelalamika.

Mwezi wa tatu wa adhabu hiyo, Mama Jenerali alimleta Jenerali kuogeshwa. Mama huyo alikuwa hana raha. Mashine ya kukaushia manyoya inapiga kelele, hivyo alikuwa akimpigia kelele rafiki yake kwenye simu, na chumba kizima kikasikia: mama yake mzazi, anayeishi naye, amelazwa siku ya tano anaharisha na homa haishuki, na madaktari bado hawajajua ni nini. Bibi huyo anatumia dawa za figo zinazopunguza kinga ya mwili.

Mzee akazima mashine. "Mama, samahani. Huyu mbwa anakatiwa nyama na nani?"

"Na bibi yake, nani mwingine? Ndiyo kazi yake, anamkatia na kumlisha kwa mkono. Kwani vipi?"

"Na analala wapi?"

"Mapajani pake." Kisha akashtuka. "Mzee, wewe kazi yako kuosha. Osha!"

"Naosha, mama. Lakini nilikuwa na kazi nyingine kabla ya hii. Nipe choo cha huyu mbwa."

Alimtukana. Nilisikia mwenyewe kutoka mapokezi. Alimwita muosha mbwa mwenye wivu, akasema Jenerali ni mzima kuliko sisi sote, na kweli alikuwa mzima, anatingisha mkia mle ndani ya taulo. Mzee alingoja mpaka matusi yakaisha, akamweleza taratibu kwamba mbwa anaweza kubeba vijidudu vya nyama mbichi tumboni asiugue hata kidogo, akamwambukiza mtu anayelambwa naye mikono. "Nikikosea," akasema, "utakuwa umepoteza choo tu."

Jenerali, ambaye hana siasa, alijisaidia pale pale sakafuni.

Mzee alikuja mezani kwangu na kichupa mkononi. "Binti, ufunguo wa maabara uko wapi?"

"Umekatazwa, Mzee."

"Sikuuliza hilo."

Nilitoa ufunguo kwenye droo, nikauweka juu ya meza, nikaenda kupika chai. Ujasiri wangu wote wa miaka kumi na tisa ni sufuria hiyo moja ya chai. Alioteshea sampuli mle chini ya ngazi, akawa anaingia saa ya mapumziko ya mchana, na siku ya tatu akampa Mama Jenerali karatasi yenye jina la kijidudu, akamwambia aipeleke hospitali, awaombe madaktari walinganishe na wanachopata kwa bibi. Mama yule aliipokea kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika soksi isiyo yake. Lakini aliipeleka. Kijidudu kilikuwa kile kile. Dawa ikabadilishwa, homa ikashuka siku ya pili, na baada ya siku tisa bibi alirudi nyumbani, amekonda, anauliza Jenerali yuko wapi.

Asubuhi iliyofuata Mama Jenerali aliingia mapokezi watu wamejaa. Hakumtafuta Daktari Mkuu. Alinyoosha kidole kwenye friza na kuuliza kwa sauti ambayo majirani walisikia: "Kuna mtu humu alijua?"

Daktari Mkuu alikuwa amesimama na faili mkononi. Akalisoma faili lile kwa makini sana. Lilikuwa halina karatasi.

"Nakuuliza wewe, daktari. Ulijua?"

"Suala hili lina pande nyingi," akasema.

"Mama yangu ana upande mmoja tu. Huo wa kulala kitandani."

Alipoandika habari ile kwenye kundi lake mwenyewe, alitolewa kundini ndani ya dakika nne. Mmoja akamwandikia kwamba tatizo si nyama bali ni hofu yake. Hakugeuka adui wa nyama. Anaichemsha, Jenerali analalamika siku mbili, maisha yanaendelea. Mimi nilijitoa kundini kimyakimya siku ile ile, nikaosha ubao wangu wa kukatia nyama kwa maji ya moto mpaka ukapasuka.

Msidhani Mzee alipata chama kipya. Habari ziliposambaa, muuzaji wa chakula kikavu cha mbwa alikuja na kamera, akitaka wapige picha pamoja, Mzee ameshika mfuko wa biskuti. Mzee alimwomba huo mfuko kwanza. Kipimo kilionyesha kuvu. Muuzaji hajarudi tena. Siku hizi wa mbichi wanamwita kibaraka wa biskuti, wa biskuti wanamwita kibaraka wa wachinjaji, na yeye anawapa wote vichupa.

Kuhusu mafanikio rasmi, kumbukumbu za ofisi zinasema kwamba friza ilitolewa Jumamosi moja "kwa ajili ya matengenezo." Matengenezo yanaendelea. Zinasema pia kwamba Mzee alirejeshwa maabara "baada ya kukamilisha mafunzo ya kuogesha." Kabla ya kung'atuka amemfundisha binti aliyeajiriwa mwaka jana kushika nafasi yake, na binti huyo juzi alimkatalia Daktari Mkuu kusaini majibu ambayo hajayaona mwenyewe. Mzee alisikia habari hizo akiwa anakunja koti lake la akiba. Alicheka mpaka akalazimika kukaa, na mle chini ya ngazi kukaa si jambo jepesi.

Yapo mambo ambayo kumbukumbu za ofisi haziyasemi. Tangu siku ile hakuna aliyewahi kumwambia Mzee huyu neno samahani: si aliyetia saini barua, wala shemeji, wala kikao. Keki itakatwa Ijumaa, hotuba itasomwa, na najua neno hilo halimo, kwa sababu hotuba yenyewe nimeichapa mimi. Basi liingie hapa, kwenye jarida linalosomwa na kila mtumishi. Mzee, barua ile ya kukupeleka bafuni niliichapa kwa mikono yangu, nikasahihisha hata nukta, na ubaoni niliona karatasi yako inabanduliwa nikainamisha kichwa. Samahani.

Asante kwa kazi, asante kwa bibi wa watu aliye hai. Nenda salama kwa mkeo na wajukuu, ulale mpaka jua likuchoke, na afya yako iwe ile isiyohitaji kupimwa.