Fundi Manase Singano na Kigoma cha Bi Mastura

Ndugu wapendwa, wazee wa kanisa, majirani zetu wa Usagara na wageni mliotoka mbali. Marehemu Manase Singano, tunayemsindikiza leo Jumamosi, tarehe 25 Aprili 1959, alizaliwa Mlalo, Usambara, tarehe 14 Machi 1904. Alikuwa mtoto wa nne wa Mzee Safari Singano na mkewe Dorkasi. Familia imenichagua mimi Kristofa, shemeji yake, kusoma habari zake. Nimewaonya kwamba mtu na shemeji yake hawakosi utani, wakaniambia nisome hivyo hivyo.

Alianza shule ya misheni hapo Mlalo mwaka 1911 na kufika darasa la nne, kisha vita vikaingia na masomo yakakoma. Mwaka 1912 askari wa Kijerumani walipita Mlalo na bendi yao. Ndani yake mlikuwa na kigoma cha shaba, kile kinachoning'inizwa kiunoni na kupigwa kwa vijiti viwili, chenye nyuzi chini ya ngozi ya pili zinazokifanya kitatarike. Manase alikifuata kigoma hicho mpaka Mtae, akalala kwa watu asiowajua, akarudi kesho yake na kumkuta baba yake mlangoni ameshika fimbo. Alichapwa barabara. Hata uzeeni alisema hakujuta.

Alijifunza kushona ngozi Lushoto kwa fundi wa matandiko ya farasi. Mwaka 1926 akashuka Tanga, akaajiriwa katika shamba moja la mkonge upande wa Pongwe kushona mikanda ya mashine. Mkanda ulipokatika, kiwanda kizima kilisimama kumtazama Manase akishona, naye hakuharakishwa na mtu. Kawia ufike, ndivyo alivyokuwa. Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na minne, na kelele za mashine zikamwachia masikio mazito, hata ikawa dada yangu humwita kula kwa kugonga sufuria.

Dada yangu huyo, Lea, alifunga naye ndoa Vuga, Jumamosi tarehe 7 Septemba 1929. Siku ya posa baba yetu alimuuliza ana nini cha kumtunzia mke. Manase alivua viatu vyake alivyovishona mwenyewe, akampa. Baba alivivuta, akavikunja, akaviangalia ndani, kisha akasema, "Kwa huyu hakitakaa kitu kilichochanika." Walijaliwa watoto watatu. Mwaka 1950 aliacha kazi ya shamba, wakahamia hapa Usagara, akafungua duka la kushona makubadhi, mabegi na mipira ya wachezaji.

Sasa nifike kwenye habari ambayo wengi mnaisubiri. Agosti 1952 Manase alikwenda Horohoro kutafuta ngozi za mbuzi. Jua lilikuwa kali, akabisha hodi kwenye nyumba moja kando ya barabara na kuomba maji. Mwenye nyumba, Bi Mastura binti Hatibu, mjane asiye na mtoto aliye hai, alimchotea kwenye mtungi. Manase hakunywa. Alikuwa ameinama anatazama kilichoubeba mtungi: duara la shaba lililogeuka kijani kwa unyevu, lenye alama ya tai na mwaka 1898. Kilikuwa kigoma cha bendi, bila ngozi na bila nyuzi. Tanga nzima hakikuonekana kingine tangu vita vile.

Bi Mastura alimweleza kwamba marehemu mumewe, Zubeiri, alikipiga katika beni, ngoma ile ya kuiga bendi za askari, enzi za ujana wao, na tangu afariki mwaka 1931 hakuna aliyekigusa ila mtungi. Manase aliomba akinunue.

"Sikiuzi," alisema Bi Mastura. "Nawe ukikichukua, mtungi wangu nitauweka kichwani?"

Wiki iliyofuata Manase alirudi na kiti cha mtungi alichokichonga kwa mti wa mvule. Wakapatana hivi: akitengeneze, akirudishe kikilia kama kilivyolia mikononi mwa Zubeiri. Na kwa kuwa masikio ya fundi yalikuwa mabovu, na wote waliokijua kigoma kile walikwisha kufa, mwamuzi angekuwa Bi Mastura peke yake. Manase aliapa mbele ya Lea kwamba hatakipiga kokote ila kwa Bi Mastura, mpaka mwenyewe aseme, "Ndicho."

Basi nyumba ikawa si nyumba tena. Kutu aliitoa kwa malimau na majivu. Mabonde ya shaba aliyanyoosha kwa nyundo ya mti, taratibu, mwezi mzima. Skrubu mbili zilizopotea alizichonga kwa tupa. Ngozi ya juu ilikuwa ya mbuzi, ya chini ya mwana-mbuzi, aliyoikwangua kwa kigae cha chupa hata ukaiona taa upande wa pili. Nyuzi alizisokota kwa utumbo wa mbuzi, akazianika kwenye kamba ya nguo katikati ya mashati ya kwaya. Paka wa Usagara walikuja kwa makabila. Lea alisema angeolewa na mvuvi angalau harufu ingekuwa ya kitoweo.

Juni 1953 tulikwenda Horohoro pamoja. Manase alikipiga uani kwa Bi Mastura, majirani wakatoka, na mimi ambaye sina sikio la muziki nilisimama nywele zimenisisimka. Bi Mastura alifumba macho mpaka mwisho.

"Bado, mwanangu," alisema. "Cha Zubeiri kilitatarika zaidi. Haya, karibuni chai."

Manase alibadili nyuzi. Mwaka 1954 jibu likawa, "Sasa chapiga chafya." Mwaka 1955 kosa lilikuwa vijiti. Mwaka 1957 kulikuwa na upepo, Bi Mastura hakusikia vizuri, akamwambia arudi baada ya Idi. Kila safari shemeji alichukua neno lake kwa uzito wote, akarudi Tanga na kufungua upya kazi aliyokwisha kuifunga. Na kwa kuwa hakuweza kukaa mahali akaona kitu kimechanika, katika safari hizo aliezeka paa la yule bibi, akatengeneza mlango, akawamba kitanda. Lea alimpelekea machungwa ya Muheza. Mwezi wa Ramadhani Manase, Mlutheri wa kuzaliwa, alishinda njaa pale uani na kungoja magharibi afuturu na mwenyeji wake.

Bendi moja ya dansi ya Ngamiani ilikuja kukiomba kigoma mara mbili. "Hakijakubaliwa," aliwajibu, akawafungia mlango kwa heshima.

Mwishoni mwa 1958 miguu ilianza kumvimba na pumzi ikawa fupi. Daktari alisema ni moyo. Februari mwaka huu tulimkataza kusafiri, akapanda basi hivyo hivyo, nami nikamfuata. Alikipiga ameketi mkekani, akihema. Bi Mastura alimtazama muda mrefu, akasema, "Bado." Njiani nilitaka kukasirika, lakini mwenzangu alikuwa na furaha. "Shemeji, nimelijua kosa," aliniambia. "Ni ngozi ya chini. Nitaibadili."

Alilazwa hospitali tarehe 16 Machi. Kila nilipomtembelea aliniuliza kama nimepata mwana-mbuzi. Alifariki Alhamisi, tarehe 23 Aprili, saa kumi na moja alfajiri, Lea akiwa amemshika mkono. Nilikuwa nimeipata ngozi; imo ndani ya maji mpaka leo. Naumia kwamba aliondoka bila kulisikia neno moja alilolifanyia kazi miaka saba.

Marehemu ameacha mjane, Lea, watoto, Dorkasi, Abrahamu na Kristina, wajukuu saba, na dada mmoja, Bibiana, aliyeko Mlalo. Ameacha pia Bi Mastura binti Hatibu wa Horohoro, ambaye yuko nasi hapa.

Hapa ndipo karatasi mlizoshika zinapoishia. Yanayofuata nimeyaandika kwa kalamu asubuhi hii. Jana jioni Bi Mastura aliteremka kwenye basi, akaja kuketi na wafiwa. Leo tulimwekea kigoma mbele yake tumrudishie, kama marehemu alivyoagiza, tukamwomba radhi kwamba hakikukamilika. Alimshika Lea mkono.

"Kilikuwa ndicho," alisema. "Kilikuwa ndicho tangu siku ile ya kwanza. Nilisema bado kwa sababu fundi akimaliza kazi harudi. Na ile mara ya mwisho nilimwona anahema, nikaogopa zaidi. Nisameheni, wanangu."

Lea alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia, nasi wote pamoja naye. Bi Mastura ameniomba nilisome neno lake mbele ya jeneza, kwa sauti ya kumfikia mwenye masikio mazito, nami nalisoma: ndicho.

Kazi imepokewa, shemeji. Pumzika kwa amani.