Jogoo wa Donati Mkutanoni

Kijiwe chetu kiko nyuma ya stesheni ya Kilosa, kwenye gogo la mninga lililolainishwa na makalio yetu wenyewe. Kahawa ni ya Kondo. Kelele ni za Melkizedek, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimwi, na za Vitalis, tunayemwita Sheria tangu alipotoa ushahidi mahakamani mpaka hakimu akasinzia. Jioni ile alikuwa amerudi Donati, karani wa shamba la mkonge, ambaye miaka yote hii ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa amekuwa akiandika riwaya kwa mwanga wa kibatari. Alikuwa amealikwa kwenye mkutano wa waandishi Dar es Salaam, na alitamani kitu kimoja tu: asimame mbele ya watu wa vitabu, awasimulie riwaya yake. Sisi tukaona mtu haendi kwa wakubwa mikono mitupu. Tukamfungia jogoo wa zawadi, kamba mguuni.

Redio: Haya, jogoo wetu alipokewaje?

Donati: Hakupokewa. Nilimfunga chini ya kiti. Mwenyekiti akaanza hotuba: wajibu wa mwandishi katika kujenga taifa. Alipofika "wajibu" tu, jogoo akawika.

Kondo: Lahaula!

Donati: Ukumbi ukaangua kicheko. Toka hapo mimi ni Bwana Jogoo. Chai, Bwana Jogoo. Pita, Bwana Jogoo. Kutwa wananiuliza ni wa aina gani, kuchi au kishingo.

Redio: Waliosema jogoo wa shamba hawiki mjini wamekanushwa rasmi!

Sheria: Si bure kuwika penye "wajibu". Yule ni jogoo wa siasa. Babu yake alikuwa akiwika bendera ikipandishwa bomani, nilimwona kwa macho yangu.

Redio: Ulimwachia nani?

Donati: Mwenyekiti alimchukua.

Redio: Basi kitabu kimeshapita! Kila alfajiri akiwika, mzee anashtuka: riwaya ya Donati! Atakichapa ili apate usingizi. Haba na haba hujaza kibaba.

Kondo: Na kama keshamla?

Sheria: Ndiyo vizuri zaidi! Aliyekula jogoo wako ni mkweo kisheria. Mkwe hakatai kitabu. Tena tutampelekea na mtetea, atuchapie cha pili.

Tukacheka. Donati hakucheka. Alikuwa anazungusha kikombe kitupu.

Donati: Jogoo aliwika jamani, mimi sikuwika. Mwishoni walinipa nafasi. Nilipoinuka tu, mtu mmoja nyuma akaita, "Kokoriko!" Wakacheka. Na mimi nikacheka nao, nikakaa.

Sheria: Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, ndugu yangu.

Safari hii methali ilikaa mahali pake, na ndiyo maana iliuma. Kamba ile tuliifunga sisi.

Mwisho wa gogo alikuwa amekaa mama mtu mzima na kikapu cha vitunguu. Tulikuwa tumemwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, tukamsahau.

Mama: Mimi Bibiana, natoka Malolo. Nimeshuka basi la Mikumi, nangoja treni. Kisomo cha watu wazima nimemaliza, na vile vitabu vyao vya kulima pamba nimevimaliza pia. Sasa hicho chako, mwanangu, kinahusu nini?

Redio alimtazama Sheria. Sheria alimtazama Kondo, Kondo akatazama birika. Miaka yote ile tumekunywa kahawa na Donati, tumemchagulia hata shati la mkutanoni, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Donati aliweka kikombe chini.

Donati: Kinamhusu mama mmoja aliyehamishiwa kijiji kipya. Kila jioni anarudi kule porini kufagia nyumba yake ya zamani.

Bibiana: Siku ya kuhama, mlango aliung'oa, au aliuacha?

Donati: Aliuacha, mama. Anasema mwenye nyumba akirudi atabisha hodi wapi?

Bibiana alivuta kikapu karibu, akajifunika khanga vizuri.

Bibiana: Anza mwanzo, mwanangu.

Kahawa ilikuwa imekwisha. Kondo akachochea mkaa upya bila kuombwa, na sisi ambao kila siku tunaitukana treni ya Kilosa kwa kuchelewa, jioni ile tuliiomba isije.