Marehemu Xaveri Anthony Nandonde na Safari Yake ya Mitole

Ndugu waombolezaji, mimi ni Andrea, shemeji wa marehemu. Nilimwona kwa mara ya kwanza Jumapili, tarehe 14 Septemba 1975, kijijini kwetu Mitole, wilaya ya Kilwa. Kusema kweli niliona miguu yake tu. Lori la ushirika lilikuwa limeharibika mbele ya nyumba yetu, naye amelala chini yake. Dada yangu Emerensiana, kwa jinsi nyayo zilivyopasuka, alidhani ni mzee, akaiamkia ile miguu shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," sauti ikajibu.

Alipotoka, kumbe kijana wa miaka ishirini na mitano. Dada akamwambia, "Nirudishie shikamoo yangu, mwongo wewe!" Marehemu alicheka, halafu akaona aibu, akarudi chini ya lori.

Marehemu alizaliwa Nyangao, mkoa wa Lindi, tarehe 3 Desemba 1949, siku ya somo wake Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Anthony Nandonde na Mama Rosalia, ambao wote wametangulia.

Alisoma shule ya misheni hapo hapo Nyangao hadi darasa la nane, mwaka 1965. Mwaka huo baba yake alifariki, masomo yakaishia hapo. Alijifunza ufundi katika karakana ya misheni, kisha akawa dereva na fundi wa chama cha ushirika. Mwaka 1976 aliajiriwa na shamba moja la mkonge karibu na hapa Mitwero, akahamia.

Tarehe 24 Julai 1976 alifunga ndoa na Emerensiana. Walijaliwa mtoto mmoja, Dativa, mwaka 1978. Siku ya harusi mjomba wetu Ismael alisimama, akasema, "Bwana fundi, leo umekuja kumchukua binti yetu kwa gari. Siku akirudi kwetu, ukija kumfuata kwa miguu humpati!" Watu walicheka sana. Marehemu hakucheka. Alilichukua lile neno kama sharti la wakwe, wala hakumwuliza mtu.

Shamba lilipofungwa mwaka 1986, aliachiwa pikapu kuukuu aina ya Austin ya mwaka 1952. Mwaka uliofuata dada alikwenda Mitole na mtoto kumuuguza mama yetu. Mama alifariki Mei 1988. Marehemu alikuja mazishini kwa basi. Dada ilimpasa kubaki mpaka arobaini, na marehemu alipomuaga alimwambia, "Nitakuja kukuchukua." Arobaini ikapita, hakuja. Kumbe alikuwa huku Mitwero anaifufua Austin.

Filta ya oili ya injini ile ilikuwa bakuli la chuma lenye kitambaa ndani, na vitambaa hivyo havikupatikana tena. Alikifua kile cha zamani kwa mafuta ya taa mpaka kikachanika. Bila filta, vumbi la njiani lingekula vyuma vya ndani kabla hajafika hata njiapanda ya Nangurukuru. Zilipokuja zama za ruksa, bidhaa za nje zikaruhusiwa, maduka ya Lindi yakaanza kuuza filta za pikapu za Kijapani, zile za kopo zinazofungwa kwa kuzungushwa. Hazikuingia kwenye Austin. Marehemu alikereza sahani ya chuma, akaitoboa njia mbili, akaikata hesi za kuzungushia kopo, akalifunga pembeni ya injini na kuliunganisha kwa mipira ya presha.

Mwaka 1991 nilikuja kumsalimu, nikamkuta anaijaribu. Aliwasha. Mshale wa presha ya oili haukuinuka. Alizima upesi, akakaa juu ya debe.

"Shemeji, njoo tu kwa basi," nikamwambia.

"Na mjomba je?"

Sikumwelewa. Baadaye aliinuka, akalifungua kopo, akamwaga oili, akapuliza kwa mdomo kwenye tundu la katikati. Pumzi haikupita. Akapuliza kwenye vitundu vya pembeni, ikapita. Midomo ilikuwa myeusi kwa oili. "Inaingilia pembeni, inatokea katikati," alisema. "Mimi nimeigeuza." Alibadilisha mipira, akawasha, mshale ukapanda.

Jumapili iliyofuata tulifika Mitole bila injini kugonga. Dada alitoka ndani, akalizunguka gari.

"Gari zuri. Miaka yote hii ulikuwa nalo?"

"Filta ndiyo ilinichelewesha, mama Dativa."

"Basi la Liwale linapita hapa kila Jumatano, Xaveri. Nalo lina filta."

Mjomba Ismael alikuwapo. Aliposikia habari ya sharti lake alijishika kichwa. "Mwanangu! Ule ulikuwa utani!"

Dada hakurudi Mitwero. Alikuwa amekwisha kujenga na kupanda mikorosho yake, na alikuwa amechoka kungoja. Ameniruhusu kulisema hili. Hawakuachana. Kila mwaka ufuta ukishavunwa, marehemu alikwenda kuwaona, kisha akarudi peke yake. Watu walimpa mizigo ya kuwaletea ndugu zao Lindi, naye aliipanga yote nyuma. Kiti cha pembeni yake hakukiwekea kitu.

Aliugua ini tangu Oktoba 1997, akalazwa hospitali hapa Lindi. Alifariki Alhamisi, tarehe 5 Machi 1998, alfajiri. Dada alifika siku ya pili yake, kwa kuwa mvua zilikuwa zimekata barabara.

Marehemu ameacha mjane, Emerensiana. Binti yake, Dativa. Mjukuu mmoja, Anthony. Na dada yake, Romana. Mwenyezi Mungu amlaze mahali pa amani, asikae tena peke yake.

Mara ya mwisho nilizungumza naye Jumatatu jioni. Nilimwambia ninakwenda Mitole kumleta dada. Akasema, "Muulize kwanza, shemeji, kama ana nafasi."